Kipimo cha Kisichoonekana

Mambo mengi ya maisha hupimwa kwa macho. Tununuapo nguo hutazama rangi yake, tununuapo tunda hutazama ganda lake, na tukutanapo na mtu mgeni hutazama uso wake kabla hatujasikia neno lake. Desturi hii si mbaya, maana hatukupewa macho bure. Lakini ina mpaka wake. Viko vitu ambavyo thamani yake imelala mahali ambapo jicho halifiki, na katika vitu hivyo mwuzaji huweza kujua jambo ambalo mnunuzi hawezi kulijua. Hapo huzuka swali ambalo insha hii inataka kulichungua: kitu kisipoonekana, ni nani mwenye wajibu wa kukipima na kuusema ukweli wake? Je, ni yule anayekinunua, kwa kuwa fedha ni zake, au ni yule anayekiuza, kwa kuwa ujuzi ni wake?

Ili swali hili lisielee hewani, nitachukua kitu kimoja kinachojulikana na kila mtu, nacho ni bati la kuezekea, na mahali pamoja panapojulikana na wengi, napo ni Mashimoni, kijiji kimojawapo katika vijiji vya Kibera, jijini Nairobi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kibera ilikuwa makao ya askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Waingereza, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Siku hizi msitu huo ni wa mapaa. Asimamaye juu ya tuta la reli ipitayo Kibera huyaona yamebanana bega kwa bega: machache yanang'aa kwa upya, mengi yamegeuka rangi ya udongo, na mengine yamewekewa mawe yasipeperushwe na upepo. Katika Mashimoni bati ni paa, na mara nyingi bati ni ukuta pia, na mlango pia. Mvua za masika zinapoanza, mwezi wa Machi au Aprili, kila nyumba husikia kwa masikio yake kama bati lake ni zima au limetoboka.

Bati hili tunaliita kwa jina moja, lakini ni vitu viwili vilivyoungana. Ndani ni chuma. Na juu ya chuma, pande zote mbili, ni zinki. Chuma kina nguvu, lakini kina adui: maji na hewa vikikutana juu yake, kutu huzaliwa, na kutu ikizaliwa haishibi mpaka chuma kiishe. Mwaka 1829 Mwingereza aitwaye Henry Palmer alipata hati ya uvumbuzi kwa kulikunja bamba la chuma mawimbi mawimbi, ili liwe gumu bila ya kuwa zito. Mwaka 1837 Mfaransa aitwaye Stanislas Sorel alipata hati yake kwa njia ya kukichovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa kwa moto. Mawazo ya watu hawa wawili yalipokutana, likapatikana bati la kuezekea, likasafiri duniani kote, likafika na Afrika Mashariki.

Zinki hulinda kwa namna mbili. Kwanza hulifunika bamba, maji na hewa visikifikie chuma. Pili, na hili ni jambo la ajabu, hujitoa mhanga. Bati likikwaruzwa kwa msumari hata chuma kikaonekana, zinki iliyo kando ya mkwaruzo huliwa kwanza, na chuma hukaa salama kwa muda. Lakini kila mwaka unaopita sehemu ndogo ya zinki huondoka, na ikiisha yote kutu huingia kama mgeni aliyekuwa akisubiri mlangoni. Kwa hiyo umri wa bati ni umri wa zinki yake. Mahali pamoja, chini ya mvua zile zile na moshi ule ule, zinki yenye unene maradufu hudumu muda unaokaribia maradufu. Basi anayenunua bati, ajue asijue, ananunua miaka. Na miaka hiyo imefungwa katika utando ambao hawezi kuuona unene wake.

Utando huo ni mwembamba kupita tunavyodhani. Tuchukue bati ambalo kila mita moja ya mraba imebeba gramu 100 za zinki, yaani gramu 50 kila upande. Unene wa zinki hiyo ni mikroni 7 hivi kila upande, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya kuandikia hukaribia sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani mikroni 100. Ingetubidi kuzipanga ngozi kumi na nne za zinki hiyo, moja juu ya nyingine, ndipo tukaribie unene wa ukurasa mmoja. Kati ya familia na mvua yote ya Nairobi, kinga inayokizuia chuma kisiliwe ni nyembamba namna hiyo.

Mnunuzi ataambiwa dukani kwamba ipo geji. Ni kweli, ipo; lakini geji nayo yataka kujulikana. Ilitokana na kazi ya wafua waya wa zamani, waliouvuta waya katika tundu moja baada ya jingine ili uzidi kuwa mwembamba. Kadiri ulivyovutwa mara nyingi, ndivyo namba yake ilivyopanda. Kwa sababu hiyo namba kubwa ni wembamba, na namba ndogo ni unene. Katika hesabu ya kale ya Waingereza geji 30 ni milimita 0.31 hivi, na geji 32 ni milimita 0.27 hivi. Asiyejua siri hii aweza kuifurahia geji 32 akidhani amepata zaidi, kumbe amepata pungufu. Tena geji ni habari ya bamba zima. Juu ya zinki peke yake haisemi neno. Mabati mawili yaweza kuwa na geji moja na mng'ao mmoja, na hata hivyo moja likawa na nusu ya zinki ya mwenzake.

Tumwazie mama mmoja wa Mashimoni, muuza mboga, aliyeweka akiba muda mrefu ili abadilishe paa lake. Afika katika duka la vifaa vya ujenzi pamoja na fundi wake. Mbele yao zimepangwa safu mbili za mabati, zote zikimetameta. Safu moja bei yake ni nafuu.

"Mama, haya yote ni mamoja," asema mwenye duka. "Tofauti ni bei tu."

Fundi alishika bati kwa vidole viwili kwenye ukingo, alipinda kidogo, aligonga kwa kifundo cha kidole na kuusikiliza mlio wake. Kisha asema, "Mama, chuma naona hakipishani. Lakini zinki siwezi kukuambia. Vidole vyangu haviwezi kufika huko."

Tuyashike maneno ya fundi huyu, maana tutayarudia. Kwanza tuulize: kama vidole haviwezi, ni kitu gani kiwezacho? Elimu imepata njia kadhaa za kuupima unene wa ngozi ya namna hii, na kila moja ina fundisho lake.

Njia ya kwanza ni mizani na tindikali. Hukatwa kipande cha bati, tuseme cha sentimita 10 kwa 10, kikapimwa uzito wake kwa mizani nyepesi. Tuseme ni gramu 24. Kisha hutiwa katika tindikali ya haidrokloriki iliyochanganywa na dawa ya kukizuia chuma kisiliwe. Zinki huyeyuka huku ikitoa mapovu. Mapovu yakikoma, zinki imekwisha. Kipande huoshwa, hukaushwa, na kupimwa tena. Kikiwa sasa ni gramu 23, gramu moja iliyopotea ndiyo zinki. Kwa kuwa kipande ni sehemu moja ya mia ya mita ya mraba, bati lote lina gramu 100 kwa kila mita ya mraba. Kama kingepoteza nusu gramu tu, tungejua kwamba mnunuzi wa bati hilo amepata nusu ya miaka. Kazi hii yaweza kufanywa hata katika maabara ya shule, mwalimu akisimamia, maana tindikali haina mzaha.

Njia ya pili ni ya mrututu, ule unga wa buluu ambao wakulima wengi wanaujua. Kipande cha bati huchovywa katika maji ya mrututu kwa dakika moja, kikaoshwa na kufutwa, kikachovywa tena, na tena. Maadamu zinki ingalipo, kinachotokea juu yake ni masizi meusi yanayofutika. Zinki ikiisha mahali popote, shaba nyekundu hung'ang'ania hapo juu ya chuma wala haifutiki. Njia hii haitaji wastani. Hutafuta mahali palipo pembamba kuliko pote. Ina haki ya kufanya hivyo, kwa sababu mvua nayo haivuji kwa wastani. Mvua huvuja mahali pamoja, na hapo ndipo kitanda kilipo.

Njia ya tatu ni sumaku. Zinki haivutwi na sumaku, bali chuma huvutwa. Kwa hiyo kadiri zinki inavyozidi unene, ndivyo sumaku inavyowekwa mbali na chuma, na nguvu ya mvuto hupungua. Kipo chombo kidogo cha kushika mkononi kinachoupima mvuto huo na kuugeuza kuwa mikroni. Hiki hakikati bati wala hakilitii doa. Njia ya nne ni kulikata bati, kuling'arisha ukingo wake, na kuutazama kwa hadubini, ambapo zinki huonekana kama ufito mwembamba juu ya chuma. Ziko na njia za miale, zitumiwazo hasa na wapimaji wa dhahabu na madini mengine ya thamani.

Sasa tutazame jambo moja lililo ndani ya njia hizi. Ile ya tindikali hutupa hesabu ya kuaminika sana, lakini kipande kilichopimwa hakifai tena kuezekea. Kama tungetaka kulijua kila bati kwa njia hiyo, tungebaki na ujuzi kamili na nyumba isiyo na paa. Kwa hiyo hata kiwandani mpimaji huchukua mabati machache, na hayo machache husema kwa niaba ya mengi. Chombo cha sumaku hupima bila kuharibu, lakini nacho hugusa pointi moja hapa na moja pale, na bati ni pana. Tena chombo chenyewe sharti kisahihishwe kwa kipande ambacho unene wake ulikwisha kujulikana, na kipande hicho kilipimwa na mtu mwingine ambaye hatukumwona. Basi kipimo hakiondoi haja ya kuaminiana. Hukipunguza kiza, lakini mwishoni kabisa pana mtu aliyesema, "Nimepima, na hesabu ni hii," na mwingine aliyelipokea neno lake.

Kama ndivyo, mtu aweza kusema kwamba ubaya umo katika utando wenyewe. Kwa nini kitu kionekane kwa nje tofauti na kilivyo kwa ndani? Wazee walikwisha kutuonya waliposema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini naona shutuma hii yapita kiasi. Shilingi moja ya Kenya yenye picha ya twiga, iliyotolewa mwaka 2018, ni chuma kilichofunikwa kwa nikeli, na hakuna aliyedhulumiwa nayo, kwa kuwa ahadi ya sarafu hiyo haimo katika madini yake. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1921 ilikuwa na robo ya fedha ndani yake. Tangu mwaka 1948 ilifuliwa kwa shaba na nikeli bila ya fedha hata chembe, na iliendelea kununua. Utando huwa uongo pale tu unapobeba ahadi usiyoweza kuitimiza. Na zinki ya bati haikuja kulidanganya jicho. Ilikuja kukihudumia chuma. Nikeli ikikwaruzwa juu ya chuma, humwacha mwenziwe aliwe. Zinki ikikwaruzwa, huliwa yenyewe kwanza. Kwa hiyo lawama haiwezi kutupwa juu ya kufunika, wala juu ya wembamba. Lawama ni kuuficha wembamba.

Wako watakaopinga hapa. Watasema, "Mnunuzi ana macho na akili, ajitafutie ukweli mwenyewe. Asiyeuliza asilalamike." Hoja hii ina nguvu sokoni kwenye ndizi na mihogo, ambapo wawili wote huona kitu kimoja. Lakini katika bati haina haki. Kuna hadithi mashuhuri ya Hiero, mfalme wa Siracusa, aliyeshuku kwamba mfua dhahabu amechanganya fedha katika taji lake. Mfalme hakujua la kufanya mpaka Archimedes alipoikuta njia ya kuupima ukweli kwa maji, bila ya kulivunja taji. Tukumbuke kwamba huyo alikuwa mfalme, mwenye askari na hazina na mwanachuoni wa kumwita. Yule mama wa Mashimoni hana Archimedes. Hana mizani ya gramu, hana tindikali, hana chombo cha sumaku. Na hata angekuwa navyo, asingeruhusiwa kuikata mali ya watu dukani. Kumwambia ajipimie ni kama kumwambia kipofu aisome barua yake mwenyewe, hali sisi tumesimama kando yake wenye macho. Uwezo wa kujua ukiwa upande mmoja, wajibu wa kusema huwa upande huo huo.

Wengine watapinga kwa hoja ya huruma, nayo ni nzito zaidi. Watasema, "Maskini huhitaji kitu cha bei nafuu. Mkiyazuia mabati membamba, mtakuwa mmemnyima paa kabisa." Hoja hii siidharau. Ni kweli kwamba paa la miaka michache ni bora kuliko kulala mvuani, na mtu ana haki ya kununua miaka michache kama hiyo ndiyo aliyoiweza. Lakini haki hiyo ina maana pale tu anapojua kwamba ni michache. Aliyeambiwa, "Mama, hili ni jembamba, litadumu nusu ya lile," amepewa uchaguzi. Atapiga hesabu yake: pengine atanunua sasa na kuweka akiba tena, pengine atasubiri mwezi mmoja, pengine ataezeka chumba kimoja kwa bati zito na kingine kwa bati jepesi. Aliyeambiwa, "Haya yote ni mamoja," amenyang'anywa hesabu hiyo yote. Kinachoibwa kwake ni zaidi ya zinki. Ni uwezo wake wa kuyapanga maisha yake. Tena ukweli humwumiza tajiri kidogo na maskini sana unapokosekana, maana tajiri akikosea hununua tena, na maskini akikosea hukaa na kosa lake.

Liko na jambo la tatu, ambalo naliona gumu kuliko yote. Wakaaji wengi wa Kibera ni wapangaji. Mwenye nyumba hununua bati, mpangaji hulala chini yake. Hapo mwuzaji aweza kuusema ukweli wote, mnunuzi akaujua ukweli wote, akachagua bati jembamba kwa makusudi, na mtu atakayelowa akawa ni wa tatu, ambaye hakuwapo dukani wala hakuulizwa. Uaminifu wa wawili haukutosha kumlinda. Kwa hiyo kusema ukweli kwa mnunuzi ni mwanzo wa wajibu, wala si mwisho wake. Anayekinunua kitu kwa ajili ya kichwa cha mwingine amekwisha kuingia katika nafasi ya mwuzaji: yeye sasa ndiye ajuaye, na yule mwingine ndiye asiyejua. Sheria ile ile humfuata.

Kwa sababu ya watu wa namna hii wasioweza kujipimia, jamii huweka wapimaji wa wote. Kenya ilianzisha Shirika la Viwango mwaka 1974, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha pamoja cha mabati ya zinki. Ni jambo jema, maana kwa njia hiyo muuza mboga naye hupata Archimedes wake. Lakini tusilale tukidhani kwamba chapa imemaliza kazi. Chapa iliyopigwa juu ya bati nayo ni utando. Huonekana kwa nje, na unene wake ni kazi iliyofanywa nyuma yake. Kama mkaguzi alipima, chapa ni nzito. Kama alipiga muhuri bila kupima, chapa ni rangi tu, na ni mbaya kuliko kutokuwapo, kwa sababu mtu asiye na chapa huwa na tahadhari, lakini mwenye chapa ya uongo amekwisha kuiweka tahadhari yake chini.

Na turudi sasa kwa yule fundi. Hakuwa na chombo, wala hakuwa na shahada. Hata hivyo, kati ya watu wote waliokuwa dukani siku ile, yeye ndiye aliyeutimiza wajibu wake sawasawa. Alipima alichoweza kukipima, akasema alichokijua, kisha akauonyesha mpaka ambapo ujuzi wake uliishia. Ingekuwa rahisi kwake kulitikisa kichwa kwa maringo na kusema, "Haya ni mazuri, mama, chukua," na heshima yake ya ufundi isingepungua siku hiyo. Alichagua kupungua machoni pa mteja wake kuliko kumwongezea uhakika asiokuwa nao. Mama aliondoka bila jibu, lakini alikuwa na swali la kumwuliza mwenye duka: "Zinki yake ni gramu ngapi?" Na mwenye duka aulizwaye swali hilo na mteja mmoja leo, na wa pili kesho, na wa kumi mwezi ujao, hana budi kwenda kulitafuta jibu kwa aliyemwuzia yeye.

Nyinyi wanafunzi mtakaokuwa mafundi, wahasibu, wauguzi, waalimu na wakaguzi, mtajikuta mara nyingi mmesimama upande wa wale wajuao. Mgonjwa hataweza kuipima dawa yenu, mteja hataweza kuzisoma hesabu zenu, na mpita daraja hataweza kuuona msingi mliouzika chini ya maji. Kila mmoja wao atakuwa kama mama wa Mashimoni mbele ya safu mbili zinazometameta. Elimu yenu itakuwa imewapa mizani ambayo yeye hana. Msiifiche mizani hiyo chini ya meza, na msiseme mmepima hali hamkupima. Mkifika mahali ambapo vidole vyenu haviwezi kufika, semeni hivyo waziwazi, kama alivyosema fundi.

Mvua itakaponyesha, bati litatoa ushahidi wake lenyewe. Lakini ushahidi huo huja usiku, watoto wakiwa wamelala, na wakati huo mwuzaji yuko mbali. Afadhali ukweli usemwe mchana, dukani, kabla fedha haijabadilisha mikono.